Siku Pua ya Ndege Ilipokataa Kushuka

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari mmeshanipigia simu mara tatu kuniuliza wavu wa mizigo uko wapi. Uko nyuma ya mlango wa ofisi, kwenye msumari, pale pale ulipokuwa kwa miaka yangu yote ya kazi. Inaonekana hakuna aliyekuwa akiniangalia nikifanya kazi, kwa hiyo naandika. Someni mkiwa mmekaa. Mkisimama mtasema ndege inakuja na hamtamaliza.

Habari za vyeo sitaziandika. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno manne na sikumbuki mtu aliyewahi kuyatamka. Abiria waliniita dada, baadaye mama, na mwaka huu mmoja akaniita bibi. Huyo nilimpima mara mbili.

Nimezaliwa Ndalambo. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mahindi ya mwaka ule hayajakauka shambani. Tulikuwa watano, mimi wa kwanza, nikiwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani akataka nirudi shule. Nilimuuliza wale wanne nani atawapikia. Akanywa maji, akaondoka. Tukahamia Tunduma kwa mama mdogo, na huko nikaanza kazi yangu ya kwanza, ambayo haina jina la ofisini. Sisi tuliiita kushika.

Nyinyi mliokulia mbali na mpaka hamuijui. Mfanyabiashara ana bidhaa ambazo zikivuka pamoja ni mzigo, lakini zikivuka mikononi mwa watu kumi ni vitu vya nyumbani. Basi anasimama njiani anasema, "Mayo, nishikie hii." Mayo ni mama kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka, nami niliitwa mayo nikiwa na miaka kumi na mitatu. Unashika. Huulizi ndani kuna nini. Mwenye sare akikuuliza, ni chako. Jina la mwenye mzigo halitoki mdomoni mwako. Ukikataa leo, siku shangazi yako atakapokuwa na gunia hakuna atakayemshikia. Wengine huuita utaratibu huu ujanja. Kwetu ulikuwa ujirani, nao uliwasomesha wadogo zangu.

Kwenye ndege niliingia kwa mlango wa fagio. Kampuni moja ndogo ilikuwa imekodi kiwanja cha changarawe upande wa Ihanda, ikawa inatafuta mtu wa kufagia ofisi na kubeba mabegi. Ndege ilikuwa moja, ya injini moja, ya viti vya watu wachache, na mlango wa abiria uko nyuma karibu na mkia. Mpakiaji alikuwa Mzee Halinga, Mnyiha mwembamba, mpole kwa watu na mkali kwa mizigo. Siku yangu ya kwanza nilikuta amesimama peke yake chini ya mkia anaongea na begi.

"Wewe ni kilo kumi na nane," aliliambia. "Mwenyewe amesema kumi. Mmoja wenu ni mwongo, na wewe huna mdomo."

Alinifundisha kwa mzega, ule mti wa begani wenye ndoo mbele na ndoo nyuma. "Ndege ni mzega," alisema. "Bega ni bawa. Ukijaza ndoo ya nyuma kupita ya mbele, mti unainuka na kukupiga kidevu. Tofauti ni kwamba ukiwa na mzega unaweza kuutua chini ukacheka."

Vifaa vyetu vilikuwa mzani wa jukwaa wenye mshale, wavu wa kufungia mizigo mkiani, na nguzo ya chuma tuliyoiita mguu wa mkia. Tuliusimamisha chini ya mkia wakati wa kupakia ili ndege isikae kitako kama mbwa. Kifaa cha nne kilikuwa vidole. Juu ya gurudumu la mbele kuna chuma kinachong'aa, na chuma hicho huonekana kirefu zaidi mkia ukiwa mzito. Mzee Halinga aliniambia niweke vidole pale watu wakiwa wamekwisha kupanda. Vikiingia vinne, safari. Vikiingia sita, shusha watu, anza upya, hata kama aliye ndani ni askofu.

Alinifundisha pia kuandika. Nilikuwa najumlisha kichwani haraka kuliko yeye kwenye karatasi, nikidhani huo ndio ufundi. Alirudisha karatasi yangu ya uzito mara nne siku ile. "Kichwa chako siwezi kukisoma," alisema. "Na wewe ukifa, nacho kinafukiwa."

Alipoondoka kazini nilibaki na mzani na abiria. Mzani haukunisumbua hata siku moja. Abiria ndio walionizeesha. Kulikuwa na mheshimiwa aliyekataa kupanda mzani akisema yeye si gunia. Nilimjibu kwamba gunia lingekuwa limeshapanda. Kulikuwa na mzee wa Ileje aliyekuja na mke wa mwanawe, na kwa desturi yao mkwe hakai jirani na baba mkwe, wala hampiti karibu. Nilipanga viti upya, nikahesabu upya, nikawatenganisha kwa safu mbili. Tulipotua, mzee akalalamika kwamba amekaa mbali na familia. Kulikuwa na mama aliyepima kilo hamsini na tisa asubuhi, na mchana, baada ya kukuta begi lake limezidi, akarudi akiwa amevaa nguo zote za begi. Jua la saa saba, sweta tatu. Alinitazama usoni bila hata kukonyeza.

Haya yote niliyavumilia, nikaanza kuamini kwamba hakuna hila ya abiria nisiyoijua. Hapo ndipo nilipokosea, na habari ninayotaka mjue ni hiyo.

Ilikuwa masika, na barabara ya kuteremka kwenda Mkwajuni ilikuwa imekatika. Ndege ya kwenda huko ilijaa kila siku. Jumamosi iliyotangulia fundi wetu, Gode, alikuwa amebadilisha kebo ya trimu. Trimu ni gurudumu dogo karibu na goti la rubani. Linavuta kebo nyembamba mpaka mkiani na kumsaidia rubani kuishikilia pua ya ndege, juu au chini, bila kuchosha mkono. Gode alifanya kazi ile kutwa nzima, akaijaribu, akaijaribu tena. Rubani alikuwa Kapteni Zuhura, dada wa Tanga, asiyesema maneno mawili pale linapotosha moja.

Abiria walikuwa tisa. Wa mwisho kupima alikuwa Simfukwe, mfanyabiashara wa Tunduma anayeuza vifaa vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa na begi moja na ndoo ya karanga. Begi lilipita. Ndoo ilizidisha kilo tatu.

"Inabaki," nilisema.

"Dada Enelesi, karanga?"

"Karanga nazo zina uzito."

"Hizi zimekaangwa. Maji yote yameisha."

"Simfukwe, usinichoshe."

"Basi zipime zikiwa tumboni. Nikizila hapa hapa utanikatalia tumbo?"

Na akaanza kuzila. Nilisimama pale nikibishana na mtu mzima mwenye mdomo uliojaa karanga, mgongo wangu ukiwa umeelekea ndege, huku wale wanane wengine wakienda mlangoni mmoja mmoja. Nilishinda ubishi. Ndoo ilibaki. Nilikwenda kwenye ndege nimeinua kichwa kama jaji, nikaona wavu umefungwa kama nilivyoufunga, nikafunga mlango wa nyuma, nikauondoa mguu wa mkia. Matone ya mvua yalianza kudondoka. Nilizunguka mbele mbio mbio nikapanda kiti changu, kulia kwa rubani, maana kule tuendako pia mimi ndiye niliyepakua. Vidole sikuweka.

Wakati wa kuruka, pua ilianza kuinuka yenyewe kabla Kapteni hajaivuta. Nilimwona akisukuma usukani mbele. Tuliacha ardhi, akaendelea kusukuma. Mkono wake wa kulia ulikuwa unazungusha lile gurudumu la trimu, kidogo, kidogo tena, mpaka likagoma.

"Dada Enelesi, mizigo iko sawa?"

"Iko sawa, Kapteni."

"Mkiani?"

"Kilo mia na ishirini, zimefungwa. Nimepima mwenyewe."

Tulipita ukingo wa nyanda za juu, na bonde la Rukwa likafunguka chini yetu likiwa na joto lake. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayesinzia, kila mara Kapteni akiirudisha kwa mkono. Shingo yake ilikuwa imetoka jasho.

"Trimu imefika mwisho na pua bado inataka kupanda," alisema. "Ama imekwama, ama kebo imefungwa kinyume."

"Gode," nilisema, kwa hasira. Nawaambia ukweli wangu: nilifurahi kidogo kuwa kosa lina jina, na jina hilo si langu.

Akanieleza mpango, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kutua kunahitaji kupunguza mwendo. Akipunguza mwendo, pua itapanda zaidi, na mkono wake ulikuwa tayari umefika mwisho wa kusukuma. Mkwajuni kiwanja ni kifupi, hatuwezi kuingia kwa kasi. Kwa hiyo kama ni kebo, tugeuke, tuvuke milima twende Mbeya, kwenye njia ndefu, tutue kwa mwendo mkubwa. Nilitazama upande wa milima. Wingu lilikuwa limeikalia yote, jeusi, halina mlango.

"Ndani ya lile nitairusha kwa kubahatisha," alisema. "Sitaki. Kama ni mzigo, niambie sasa, tusogeze vitu mbele na habari iishe. Kama ni kebo, kusogeza vitu ni kupoteza mafuta. Ni mzigo?"

"Si mzigo," nilisema. Mara ya pili.

Akaanza kugeuza ndege, taratibu sana.

Kwa nini niligeuka kutazama nyuma sijui. Labda nilitaka kuona kama wamefunga mikanda. Mwinjilisti wa Vwawa alikuwa safu ya kwanza, macho amefumba, anaomba kwa sauti ya mkutano wa nje. Viganja vyake alikuwa ameviinua, na vilikuwa vyeusi. Nyuma yake, mwalimu wa sekondari alikuwa anajifuta vidole kwa pindo la kitenge, na pindo lilikuwa limeingia grisi. Ng'ambo yake bwana mmoja alikuwa anajifuta kwenye soksi.

Mtu anapanda ndege kwenda kufundisha hesabu. Grisi ya nini?

Nikajua. Simfukwe anauza vifaa vya makarasha. Ndani ya karasha kuna gololi, mipira ya chuma ya ukubwa wa ngumi ambayo huzungushwa kwenye pipa ili isage mawe. Zikiwa mpya huja zimepakwa grisi. Na watu wa Tunduma wakiombwa kushika, hushika.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mnaojisifu kwamba hamjawahi kukosea. Kulikuwa na kitambo kifupi, labda pumzi mbili, ambapo nilifikiri: nikikaa kimya, ni kebo. Nimeshasema mara mbili. Nimelea watoto wanne kwa kutokubadilisha neno langu. Nikisema saa nane mnarudi nyumbani, ni saa nane. Kusema "nilikosea" sikuwa nimewahi kujifunza, hapakuwa na mtu mzima nyumbani wa kunifundisha. Ndege ilikuwa imeshageuka nusu kuelekea wingu.

"Kapteni, acha kugeuka. Sina hakika na mzigo."

Hakunitazama. "Umesema mara mbili."

"Nilisema. Nilikosea. Nipe dakika tano."

"Nakupa tatu. Na usiende nyuma. Ukitembea kuelekea mkiani hatua mbili tu, mkono wangu hautatosha."

Nilipiga magoti kati ya viti vyetu viwili, uso kwa abiria.

"Nani ana mzigo ambao sikuupima?"

Watu saba walitazama madirishani, hata aliyekuwa upande wa bawa ambako hakuna cha kutazama. Simfukwe alikuwa anachokonoa karanga kwenye jino. Mwinjilisti alipandisha sauti.

"Mwinjilisti, Mungu anakusikia hata ukinong'ona. Mimi ndiye siwasikii hawa. Fumbua macho."

Akafumbua.

"Jamani, ndege hii mkia wake ni mzito, na rubani hawezi kutua. Nauliza tena. Nani?"

"Sisi tumepimwa wote, dada," alisema mwalimu kwa adabu kabisa, mikono ameificha chini ya kitenge.

Nilitaka kumpiga kofi. Kisha nikakumbuka nilikotoka. Nilikuwa nauliza kama mwenye sare. Hata mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mtu akiniuliza hivyo ningetazama dirishani.

"Nisikilizeni," nilisema. "Mimi nimekulia Tunduma, nimeshika kabla wengine hapa hamjazaliwa. Sitaki jina. Sijauliza ni cha nani wala ndani kuna nini. Nauliza aliyeshikishwa ameshikishwa vingapi. Mdomo ufungeni. Onyesheni vidole."

Kidole cha mwinjilisti ndicho kilichotangulia. Kimoja. Mwalimu alitoa mkono chini ya kitenge, kimoja. Wa soksi, kimoja. Mama wa dirishani, viwili, na akaona haya. Vikaendelea kuinuka mpaka safu ya mwisho. Nilihesabu tisa. Simfukwe peke yake hakuinua kitu, kwa sababu mwenye mzigo hajishikii.

"Kimoja kina uzito gani?"

"Kama mtoto wa mwaka mmoja," alisema mama wa dirishani.

"Mtoto anayekula au anayekataa?"

"Anayekula. Ameshiba."

Nikaweka kilo kumi na mbili. Mara tisa ni mia na nane. Juu ya mia na ishirini yangu. Vyote mkiani, nyuma ya wavu nilioufunga kwa mikono yangu, wamevipenyeza chini ya ukingo wake huku mimi nikibishania karanga.

"Kapteni, kilo mia na nane zaidi, mkiani kabisa."

Alitamka neno moja ambalo sitaliandika.

"Zilete mbele. Moja moja."

Bwana wa kiti cha mwisho alijipinda bila kufungua mkanda, akavuta kifurushi cha kwanza chini ya wavu. Kilikuwa kiroba kidogo kilichofungwa kwa mpira wa tairi. Kikapita mkono hadi mkono, kila anayekipokea akiguna. Mimi nilikipokea na kukiweka sakafuni nyuma ya kiti cha rubani. Cha pili. Cha tatu.

"Taratibu hapo!" Simfukwe alipiga kelele. "Msivichanganye, kila kimoja kina alama ya mteja wake!"

Kifurushi cha nne kilisimama hewani. Watu wanane waligeuka wakamtazama. Hakuna aliyemtaja, kajitaja mwenyewe.

"Nilikuwa nasema tu," alisema.

"Simfukwe," nilimwambia, "ukiongeza neno utahamia juu ya hivi vifurushi, maana wewe nawe ni kilo themanini na mbili."

Cha tano, cha sita. Nilisikia pumzi ya Kapteni ikibadilika. "Endelea," alisema. "Inakubali." Lile gurudumu la trimu, lililokuwa limegoma mwisho wa njia yake, alilirudisha kidogo, na pua ikabaki pale alipoitaka.

Cha saba kilipasuka mikononi mwa mwinjilisti. Sasa ndege ilikuwa imeinamisha pua kidogo, kama inavyopaswa, kwa hiyo gololi hazikwenda nyuma, zilikuja mbele. Mbele kuna miguu ya rubani na pedali zake, na gololi moja ikijiweka chini ya pedali, mambo yote tuliyokuwa tumeyaokoa yangekuwa kazi bure. Nililala kifudifudi kwenye upenyo kati ya viti, mikono nimeitandaza, nikazizuia kwa kifua na tumbo. Zilinigonga moja moja, kila moja na uzito wake. Nilizihesabu baadaye kwa alama za mwilini, na mwalimu alizihesabu kwa kuziokota. Hesabu zetu zilitofautiana kwa mbili. Nilimwamini mwalimu.

"Zimefika kwako?" niliuliza nikiwa sakafuni.

"Hapana," alisema Kapteni. "Kaa hivyo hivyo."

Kwa hiyo kutua kule Mkwajuni sikukuona. Nilisikia mwendo ukipungua, nikasikia mtu akinyamaza katikati ya sala, nikasikia magurudumu ya nyuma yakigusa, kisha la mbele, polepole, kama mtu anayeweka yai mezani. Nilibaki kifudifudi mpaka injini ilipozimika.

Abiria walishuka. Nadhani mlitegemea mtu atasema asante au samahani. Mama wa dirishani aliuliza kama ndoo ya Simfukwe kule Ihanda ina mwenyewe. Simfukwe alikusanya viroba vyake, akagundua kimoja kimepasuka, akaniuliza nani atakilipia. Mwinjilisti alimshika bega akampeleka pembeni, na nilimwona akimsemesha kwa kidole, kwa muda mrefu. Hayo ndiyo mahubiri niliyoyapenda kuliko yote ya mtumishi yule.

Kapteni Zuhura alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akinyoosha vidole vilivyokuwa vimekakamaa.

"Ningeingia kwenye lile wingu," alisema.

"Najua."

"Kwa neno lako."

"Najua, Kapteni."

Alikunywa maji, akanipa chupa. Ningependa angepiga kelele.

Kisha ikaja karatasi. Meneja wetu, aliyekaa mji mkubwa na ambaye kiwanja chetu alikijua kwa picha, alipiga simu jioni ile ile, tukiwa tumesharudi Ihanda. Fomu ya tukio ilikuwa na nafasi moja ya sababu, na yeye alitaka sababu fupi.

"Andikeni kebo," alisema. "Imebadilishwa Jumamosi, inaeleweka. Kebo tutaweka nyingine, tumemaliza."

"Kebo ni nzima, bosi. Gode ameikagua leo tena."

"Enelesi, unajua tukiandika mzigo watauliza nini? Watauliza nani alipima."

"Mimi nilipima."

"Ndiyo maana nakwambia andika kebo. Nakusaidia wewe."

Gode alikuwa amesimama mlangoni, spana mkononi, anasikia. Cheti chake cha kazi kilikuwa na mwaka mmoja. Mtu akiandikiwa kebo mbovu mwaka wa kwanza, ni bora akatafute shamba. Meneja alikuwa ananiomba nimshikishe Gode mzigo wangu, na bila kumwomba mwenyewe.

Niliandika kwa mkono wangu. Niliandika kwamba vifurushi tisa viliingia bila kupimwa, kwamba aliyepaswa kuviona ni mimi, kwamba chuma cha gurudumu la mbele sikukipima kwa vidole, na kwamba rubani aliniuliza mara mbili nami nikasema iko sawa bila kwenda kutazama. Ilijaza nafasi ya sababu, ikaendelea nyuma ya karatasi. Meneja alisema haijawahi kutokea mtu akaandika nyuma.

Waliniondoa kwenye mzani kwa miezi mitatu. Kazi yangu ikawa kufukuza mbuzi kwenye kiwanja kabla ndege haijatua. Wadogo zangu walikasirika kuliko mimi. Aliyenifuata, ambaye sasa ni muuguzi, alisema, "Dada, ungekaa kimya tu." Nilimwambia nilishakosea mara mbili angani, inatosha. Na mafundi watatu walitumwa kutoka mji mkubwa, wakafungua mkia mzima, wakabadilisha kebo nzima kwa kebo nzima, wakapiga picha, wakaondoka. Mzani hawakuutazama. Mmoja aliegemeza baiskeli ya mlinzi juu yake.

Nilipokuwa nafukuza mbuzi nilipata muda wa kufikiri, na niliporudi nilibadilisha swali. Msiliache swali hili, hata kama wale wa mjini wanasema halimo kwenye kitabu chao. Msimuulize abiria kama ana mzigo mwingine. Atasema hana, na kwa akili yake anasema kweli, kwa sababu si wake. Muulizeni ameshikishwa nini, apande nacho mzani, na jina la mwenyewe msilitake. Mtashangaa vitu vitakavyotoka. Tena wakishapanda wote wekeni vidole kwenye chuma cha mbele, hata ikinyesha mvua ya mawe.

Asubuhi yangu ya kwanza kurudi kwenye mzani, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Simfukwe. Alikuwa amevaa koti la mvua, zito, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Dada Enelesi!" alisema, kwa furaha ya kweli kabisa. "Umepotea sana. Likizo ulikwenda wapi?"

"Umeshikishwa nini, Simfukwe?"

"Mimi? Leo sina hata kiberiti."

"Panda."

Alipanda, ameinua mikono juu kama mtu anayekamatwa. Nilisoma mshale: kilo tisini na tano, kwa mtu wa themanini na mbili. Nikamwambia ashuke, avue koti, aliweke juu ya mzani peke yake, kisha apande tena. Nyuma yake watu walianza kunung'unika kwamba wanachelewa. Niliwaacha wanung'unike, nikachukua kalamu.